Maswali ya Wasomaji: Mieleka Isiyogusa Miguu

Tangu Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, barua kuhusu mieleka zimeongezeka mezani petu, na nyingi zinahusu mtindo ambao wasomaji wetu wengi waliuona kwa mara ya kwanza, yaani mieleka ya Kigiriki na Kirumi, hasa katika uzito mwepesi ambao siku hizi kikomo chake ni kilo 67. Tumezikusanya barua hizo na kuzijibu pamoja, na kama ilivyo desturi ya safu hii, majina ya waliotuandikia tumeyahifadhi.

Ndugu Mhariri, nilitazama mieleka ya Paris kwenye televisheni. Vijana wawili walishikana vifua wakasukumana karibu dakika nzima, wala hakuna aliyemkamata mwenzake mguu au kumpiga ngwala. Sisi tuliokua tukipigana mieleka mchangani tunajua kwamba mtu huangushwa kwa kuondolewa miguu. Kwa nini wanajinyima njia iliyo rahisi? – Mwanafunzi wa chuo, Dodoma

Hawajinyimi, ndugu yetu, bali wanakatazwa. Katika mtindo huu mwanamieleka haruhusiwi kumshika mpinzani chini ya nyonga, na wala haruhusiwi kuitumia miguu yake mwenyewe kupiga ngwala, kupiga mtama, kunasa kisigino au kuinua paja la mwenzake. Miguu ni ya kusimamia na kutembelea tu. Vinavyobaki ni mikono, kifua, mgongo na kiuno, na hapo ndipo penye uzuri wote wa mchezo huu. Tulipokuwa watoto, aliyezidiwa nguvu alikuwa na kimbilio lake: alipiga mtama wa ghafla, na jitu zima likaenda chini. Katika Kigiriki na Kirumi kimbilio hilo halipo. Atakaye kumwangusha mwenzake hana budi kumkaribia, kifua kwa kifua, apate mshiko, amnyanyue kutoka ardhini na kumpitisha juu ya mwili wake mwenyewe.

Ule msukumano uliouona ndio vita yenyewe, ingawa kwa macho ya mgeni unaonekana kama kupoteza muda. Safari nyingine tazama mikono badala ya miili. Kila mmoja anajaribu kuingiza mkono wake chini ya kwapa la mwenzake, kwa sababu mkono uliopita ndani ndio unaoweza kuzunguka mgongo na kukutana na mwenzake wa upande wa pili. Anayeingiliwa hubana kiwiko, hujikunja, husukuma kwa paji la uso kwenye shavu au bega la mpinzani ili apate nafasi ya kuutoa mkono ule. Hayo yote hutokea ndani ya upana wa kiganja. Mikono miwili ikishafungana mgongoni, sekunde moja inatosha: mshambuliaji hujipinda kinyumenyume kama upinde, miguu ya mwenzake inaacha mkeka, na wote wawili wanatua, aliyerushwa akiwa chini. Mrusho wa namna hiyo, ukipita juu kwa duara kubwa na kumfikisha mtu moja kwa moja kwenye hatari ya kulala chali, hupewa alama 5, ilhali kumwangusha mtu kwa namna ya kawaida hupewa alama 2, na kumtoa nje ya duara alama 1.

Kanuni nazo zinajua kwamba watu wawili waliobana viwiko wanaweza kusukumana hadi jioni. Kwa hiyo pambano lina vipindi viwili vya dakika 3, na mapumziko ya sekunde 30 katikati, na mwamuzi anao uwezo wa kumtaja kuwa mzembe yule asiyeshambulia. Kwa kanuni zilizotumika Paris, aliyetajwa hivyo mpinzani wake alizawadiwa alama 1 na yeye akaamriwa kulala kifudifudi katikati ya mkeka, mwenzake akimjia kwa juu na kumfunga mikono kiunoni. Kutoka hapo mshambuliaji humbingirisha kama pipa, na kila mbingirisho unaomwonyesha mgongo mkekani ni alama 2. Aliyelala chini hukishindilia kifua chake kwenye mkeka na kutanua magoti asibingirike. Akibingirishwa mara tatu mfululizo, huwa amepoteza alama 6 juu ya ile 1 ya kwanza, na tofauti ikifika alama 8 pambano husimamishwa papo hapo na mshindi kutangazwa.

Uzito wa kilo 67 ndio ninaopenda kumwelekeza mtazamaji mpya. Wazito wa kilo 130 wana nguvu za kutisha, lakini kumnyanyua mtu wa uzito huo kutoka chini ni kazi ambayo hata wao huifanya kwa nadra, na wale wa kilo 60 wana kasi kiasi kwamba jicho lisilozoea huachwa nyuma. Katika kilo 67 mtu ana kasi ya kutosha kuingia, na ana misuli ya kutosha kumaliza alichokianza.

Mtindo huu unaitwa wa Kigiriki na Kirumi. Je, ndivyo walivyopigana Wagiriki wa kale katika Olimpiki zao? – Msomaji, Mombasa

Hapana. Wagiriki wa kale walipigana mieleka iliyoruhusu ngwala, na mshindi alikuwa yule aliyemwangusha mwenzake mara tatu. Mtindo tunaouzungumzia ulizaliwa Ufaransa katika karne ya 19, na anayetajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeueneza ni Jean Exbrayat, askari wa zamani wa jeshi la Napoleon, ambaye katika maonyesho yake ya mieleka alikataza kushika chini ya kiuno pamoja na mishiko ya kuumizana. Kwa muda mrefu Ulaya iliuita mtindo wa Kifaransa. Jina la Wagiriki na Warumi lilipachikwa baadaye, katika zama ambazo kila kitu cha kale cha Ugiriki na Roma kilionekana kuwa na heshima ya pekee.

Jina hilo lilisaidia kuufungulia mlango wa Olimpiki. Mwaka 1896 kule Athens kulikuwa na shindano moja tu la mieleka, lisilo na mgawanyo wa uzito, kwa kanuni zilizokaribiana na hizi. Alishinda Mjerumani Carl Schuhmann, mtu mfupi aliyekuwa bingwa wa sarakasi za viungo katika michezo ile ile, na katika njia yake alimtoa Launceston Elliot wa Uingereza, bingwa wa kunyanyua vitu vizito. Fainali yake na Mgiriki Georgios Tsitas ilikatizwa na giza, ikamaliziwa kesho yake. Uzito mwepesi wa Kigiriki na Kirumi ulipata nafasi rasmi London mwaka 1908, kikomo kikiwa kilo 66.6, na dhahabu ilikwenda kwa Enrico Porro wa Italia, baharia wa jeshi la majini la nchi yake, aliyemshinda Mrusi Nikolay Orlov.

Mwanangu Mhariri, mimi ni mzee wa miaka 81. Marehemu kaka yangu alikuwa baharia, na alizoea kutusimulia kwamba katika Olimpiki ya Roma mwanamieleka mmoja alimnong'oneza mpinzani wake, na mpinzani akaanguka mwenyewe, na yule aliyenong'ona akapata dhahabu. Tulidhani ni hadithi za bandarini. Je, lilikuwapo jambo hilo? – Mzee, Tanga

Shikamoo Mzee wetu. Marehemu kaka yako hakuwadanganya. Jambo hilo lilitokea mwaka 1960, na lilitokea katika uzito huu huu mwepesi wa Kigiriki na Kirumi, ambao wakati ule pia kikomo chake kilikuwa kilo 67.

Kwanza mahali penyewe. Mieleka ya Roma ilifanyika katika magofu ya Basilika ya Maxentius, jengo la mwanzoni mwa karne ya 4 lililo jirani na uwanja wa kale wa mji ule, mikeka ikitandikwa chini ya matao makubwa ya matofali yaliyobaki yamesimama. Mtindo ambao Warumi hawakuujua ulipigwa nyumbani kwa Warumi.

Ili tukio lenyewe lieleweke, lazima kwanza nieleze namna washindi walivyopatikana siku zile, kwa maana bila kujua hesabu ile mtu hawezi kuona kwa nini mnong'ono ulikuwa na thamani. Mashindano hayakwenda kwa mtoano wa moja kwa moja kama wa leo. Kila mwanamieleka alihesabiwa alama za adhabu: aliyemlaza mpinzani kwa mabega yote mawili hakutwikwa kitu, aliyeshinda kwa alama za waamuzi alitwikwa 1 ingawa ameshinda, waliotoka sare walitwikwa 2 kila mmoja, aliyeshindwa alitwikwa zaidi. Mzigo ukifika 6, mtu anaaga mashindano. Nia ya kanuni ilikuwa njema, kwani ilimhimiza kila mmoja kutafuta ushindi kamili wa kumlaza mwenzake badala ya kuchuma alama moja na kuilinda. Lakini ilikuwa na upande wake mbaya. Ilifika mahali mtu akajua, kabla hata ya kupanda mkekani, kwamba ushindi wa kawaida haumfai kitu, na kwamba bila kumlaza mpinzani huyu mahususi safari yake imekwisha.

Hapo ndipo alipojikuta Avtandil Koridze, Mjojia aliyekuwa akiiwakilisha Umoja wa Kisovyeti. Waliobaki kileleni walikuwa watatu: yeye, Mbulgaria Dimitar Stoyanov, na Branislav Martinović wa Yugoslavia. Koridze alipangiwa kupambana na Stoyanov, na asipomlaza chali, dhahabu ilikuwa ya Martinović, ambaye alikuwa akisubiri. Mapambano ya wakati ule yalikuwa ya dakika 12. Dakika zikapita moja baada ya nyingine pasipo Stoyanov kutikisika. Ilipobaki dakika ya mwisho, Koridze alionekana akimnong'oneza Stoyanov neno sikioni, na punde tu Stoyanov akarushwa na mabega yake yote mawili yakagusa mkeka.

Hakuna aliyelisikia neno lile zaidi ya wao wawili, na mimi sitalibuni. Yugoslavia ilipeleka malalamiko mara moja. Wakuu wa mashindano waliyasikiliza, wakaridhika kwamba lile halikuwa anguko la kweli, na wakamwondoa mashindanoni Stoyanov. Koridze hawakumgusa. Aliruhusiwa kuendelea, akakutana na Martinović, akamshinda, na akavishwa medali ya dhahabu. Martinović alipata fedha.

Nimeifikiria hukumu hiyo kwa miaka mingi, Mzee wangu, na kila nikiirudia naiona ina kasoro ile ile. Ikiwa anguko lilikuwa la kupangwa, basi lilikuwa na watu wawili, aliyeanguka na aliyefaidika. Na ikiwa halikupangwa, Stoyanov hakustahili adhabu. Kumwadhibu mmoja na kumwachia mwenzake njia ya dhahabu ni kusema mambo mawili yasiyokaa pamoja. Ni haki pia kusema kwamba pambano la mwisho Koridze alilishinda mkekani, mbele ya watu wote, dhidi ya mpinzani aliyekuwa na kila sababu ya kumzuia. Lakini kwa kanuni zilivyokuwa, pambano hilo lisingekuwapo kabisa.

Mfumo wa alama za adhabu uliachwa baadaye. Leo kuna mtoano, na anayeshinda kwa alama 1 anasonga mbele sawasawa na aliyemlaza mtu chali katika sekunde ya 20.

Katika Olimpiki hiyo hiyo ya Roma, nani alipata shaba? Tumebishana hapa kazini. – Fundi cherehani, Mwanza

Ni Gustaf Freij wa Sweden, anayeandikwa pia Gustav. Ikiwa ubishi wenu ulimhusu yeye, aliyemtaja ameshinda. Freij alipata dhahabu ya uzito mwepesi London mwaka 1948, akapata fedha Helsinki mwaka 1952 nyuma ya Shazam Safin wa Umoja wa Kisovyeti, nchi iliyokuwa ikishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, kisha akapata shaba Roma. Yaani alikusanya rangi zote tatu katika uzito mmoja, ndani ya miaka 12.

Je, ni kweli kwamba zamani pambano moja liliweza kuchukua mchana kutwa? – Msomaji, Bujumbura

Ni kweli, nalo ni tukio la Stockholm, mwaka 1912. Mwaka ule hapakuwa kabisa na mtindo huru, ule unaoruhusu kushika miguu. Mieleka yote ilikuwa ya Kigiriki na Kirumi, na ilipigwa nje, uwanjani, juani. Katika uzito wa kilo 75, Martin Klein, Mwestonia aliyeiwakilisha Urusi, alipambana na Alfred Asikainen wa Finland kwa saa 11 na dakika 40, wakipewa mapumziko mafupi tu. Klein alishinda, lakini alikuwa amechoka kiasi cha kushindwa kupambana tena kuwania dhahabu, ambayo ilikwenda kwa Msweden Claes Johansson. Katika uzito wa kilo 82.5, Anders Ahlgren wa Sweden na Ivar Böhling wa Finland walishikana kwa saa 9 bila mshindi, na waamuzi wakaamua kuwapa wote wawili fedha. Dhahabu haikutolewa kwa yeyote.

Uzito mwepesi, uliokuwa wa kilo 67.5, haukuwa na maajabu ya saa, lakini ulimtoa bingwa ambaye kwangu ni mkubwa kuliko wote wa michezo ile, Emil Väre wa Finland. Alitwaa dhahabu mbele ya Wasweden wawili, Gustaf Malmström na Edvin Mattiasson. Michezo ya 1916 iliyokuwa ifanyike Berlin ilifutwa kwa sababu ya vita. Väre alingoja miaka 8, akaenda Antwerp mwaka 1920, akatwaa tena dhahabu ya uzito ule ule. Mtu asiyejua mieleka anaweza asione ukubwa wa jambo hilo. Anayejua namna mwili wa mwanamieleka unavyochakaa shingo, magoti na masikio katika miaka 8 ataliona.

Mwanangu wa miaka 16 amejiunga na klabu ya mieleka. Wiki iliyopita alikataa kula siku mbili na akawa anakimbia amevaa makoti mawili juani, akisema wachezaji wote wa kimataifa hufanya hivyo ili watimize uzito. Naogopa. – Mama, Arusha

Mama yetu, hofu yako ina msingi, na jibu langu la kwanza ni kwamba umzuie leo, kisha uende ukazungumze na kocha wake ana kwa ana.

Ni kweli kwamba watu wazima wa ngazi ya juu hupunguza uzito kabla ya mashindano. Katika Olimpiki mtindo huu una madaraja 6 tu: kilo 60, 67, 77, 87, 97 na 130. Katika mashindano ya dunia madaraja ni 10, likiwamo la kilo 63 na la kilo 72. Kwa hiyo mtu ambaye mwili wake umekaa vizuri kwenye kilo 72 hana mahali pake katika Olimpiki; ama apande akapambane na watu wa kilo 77, ama ajikamue hadi 67. Luis Orta wa Cuba alikwenda njia ya kupanda: alikuwa bingwa wa Olimpiki wa kilo 60 katika michezo ya Tokyo, kisha Paris akaingia kilo 67 na kupata shaba.

Hata kwa hao wakubwa, wanaozungukwa na madaktari, jambo hili halina huruma. Kwa kanuni za sasa mashindano ya kila daraja huchukua siku mbili, na uzito hupimwa asubuhi ya kila siku. Bila shaka ulisikia habari za Vinesh Phogat, dada wa India aliyekuwa mtindo huru kilo 50 kule Paris, ambaye aliingia fainali na asubuhi yake mizani ikaonyesha amezidi kwa gramu 100. Akaondolewa, akakosa hata fedha.

Na kuna jambo zito kuliko medali. Mwishoni mwa mwaka 1997, huko Marekani, wanamieleka watatu wa vyuo walikufa ndani ya wiki chache, kila mmoja akiwa katika jitihada za kupunguza uzito kwa kutoka jasho na kujinyima maji. Baada ya vifo hivyo kanuni za mieleka ya vyuo za nchi hiyo zilibadilishwa, na mavazi ya mpira ya kutolea jasho pamoja na vyumba vya joto vikapigwa marufuku. Makoti mawili juani ni jamaa wa mavazi hayo. Kijana wa miaka 16 bado anakua. Mwache ashindane katika uzito ambao mwili wake unao, ale, anywe maji, na kama mwaka ujao amepanda daraja, apande. Kocha atakayekwambia vinginevyo, mtoe mtoto kwake.

Katika Olimpiki ya Tokyo niliona Mjerumani ameshindwa, halafu siku ya pili yupo tena mkekani na anapata shaba. Tena akavua viatu na kuviacha pale. Naomba maelezo ya yote mawili. – Msomaji, Nairobi

Huyo ni Frank Stäbler, na umeuliza kuhusu mmoja wa wanamieleka ninaowaheshimu sana. Kabla ya Tokyo alikuwa ameshakuwa bingwa wa dunia mara tatu katika madaraja matatu tofauti: kilo 66 mwaka 2015, kilo 71 mwaka 2017 na kilo 72 mwaka 2018. Hakuwa na medali ya Olimpiki, na ili aipate ilimlazimu kushuka hadi kilo 67.

Tokyo, au kwa usahihi ukumbi wa Makuhari Messe ulioko Chiba, alisimamishwa na Mohammad Reza Geraei wa Iran, alama zikiwa 5 kwa 5. Alama zikilingana hakuna dakika za ziada wala sare: huangaliwa nani ana tendo lenye alama kubwa zaidi, kisha nani ana maonyo machache, na mwisho nani aliyepata alama ya mwisho. Stäbler alishindwa kwa vigezo hivyo. Lakini mtindo wa leo unampa nafasi ya pili yule aliyetolewa na mtu ambaye baadaye anafika fainali, kwa hoja kwamba si haki mtu kuondoka mikono mitupu kwa sababu tu bahati ya kura ilimkutanisha mapema na bora wa wote. Basi Stäbler akalazimika kukaa na kumwombea mema mtu aliyemshinda. Geraei alifika fainali, na akaishinda kwa kumzidi Parviz Nasibov wa Ukraine alama 9 kwa 1; mlango wa Stäbler ukafunguka, akapita, na katika pambano la shaba akamshinda Mjojia Ramaz Zoidze. Tangu Beijing 2008 shaba za mieleka hutolewa mbili kwa kila daraja, moja kwa kila upande wa ratiba.

Kuhusu viatu, hiyo ni desturi ya kustaafu. Mwanamieleka akimaliza pambano lake la mwisho maishani hukaa chini katikati ya mkeka, hufungua kamba, huviacha viatu vyake hapo, na kutoka akiwa na soksi au miguu mitupu. Stäbler alifanya hivyo akiwa ameshapata kile alichokuwa hajakipata. Miaka mitatu baadaye Mijaín López wa Cuba alifanya vivyo hivyo Paris, baada ya kushinda dhahabu yake ya tano mfululizo katika uzito mkubwa kuliko wote wa mtindo huu.

Mbona hatuoni Watanzania wala Wakenya katika mieleka hii? Au Waafrika hawaiwezi? – Msomaji, Morogoro

Waafrika wanaiweza, na ushahidi uko Misri. Ibrahim Moustafa alileta dhahabu ya Kigiriki na Kirumi kutoka Amsterdam mwaka 1928, katika uzito wa juu ya kati. Karam Gaber aliipata Athens mwaka 2004 katika kilo 96, tena kwa mirusho ya juu ambayo hadi leo makocha huwaonyesha vijana wao, na akaongeza fedha London mwaka 2012. Katika uzito wetu mwepesi, shaba ya pili ya Tokyo, ile iliyotolewa sambamba na ya Stäbler, ilikwenda kwa Mmisri Mohamed Ibrahim El-Sayed.

Sababu ya sisi wa Afrika Mashariki kutouona mtindo huu nadhani iko katika historia ya mashindano tunayoyahudhuria. Mchezaji wa Tanzania, Kenya au Uganda ana njia moja kubwa ya kutoka nje iliyo karibu naye zaidi kuliko Olimpiki, nayo ni Michezo ya Jumuiya ya Madola. Katika michezo hiyo mieleka ikiwapo huwa ni ya mtindo huru, ule unaoruhusu kushika miguu. Mtindo wa Kigiriki na Kirumi umewahi kuingizwa mara moja tu, Delhi mwaka 2010, ukatolewa. Shirikisho la nchi lenye fedha kidogo litamfundisha kijana mchezo utakaompa safari, na kwa hiyo vijana wetu wachache wanaoshika mieleka hufundishwa mtindo huru tangu siku ya kwanza. Misri haimo katika Jumuiya hiyo; macho yake yamekuwa Olimpiki, michezo ya nchi za bahari ya Mediterania na mashindano ya Afrika, na huko kote mtindo huu upo.

Ninyi mlio Morogoro na mnataka kuujaribu hamhitaji kungoja mtu. Tafuteni mchanga laini au magodoro yaliyoshonwa pamoja, mwe wawili wa uzito unaokaribiana, na mwanze na kazi ile ya kwapa niliyomweleza mwenzenu wa Dodoma: dakika moja kila mmoja anajaribu kuingiza mikono yote miwili ndani, mwingine anazuia, bila kuangushana. Msijaribu kurushana kwa nyuma kabla ya kufundishwa na mtu anayejua namna ya kuilinda shingo.